KUFUNDISHA WAZO LA UDHIBITI KWA MFANO WA TOCHI YA KUKATIA CHUMA

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuwaonyesha walimu wanafunzi namna ya kufundisha wazo moja la sayansi ambalo katika shule za msingi aghalabu hupitwa kwa haraka, nalo ni wazo la udhibiti. Kwa neno hilo tuna maana ya kazi ya kupima kitu, kulinganisha kipimo hicho na kile kinachotakiwa, kusahihisha tofauti iliyoonekana, kisha kupima tena. Mfano tuliouchagua ni meza ya kukatia mabamba ya chuma inayoongozwa na kompyuta, ambayo mafundi huiita mashine ya CNC, na hasa sehemu yake inayolinda umbali kati ya tochi na bamba.

Huenda mwanachuo akauliza mashine hii inamhusu nini mtoto wa Darasa la Sita. Mtoto huyo hupita kila siku mbele ya mageti na madirisha yaliyonakshiwa maua ya chuma. Zamani maua hayo yalikatwa kwa patasi, msumeno au moto wa gesi. Leo katika baadhi ya karakana za mijini hukatwa na mashine ndogo za aina hii. Tena, mitaala iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2024 imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari. Mtoto atatakiwa kuchagua njia, na hawezi kuichagua vema kazi ambayo hajapata kuifikiria.

Tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tumeona mara nyingi somo la mashine likifundishwa kwa mchoro ubaoni na mishale ya majina. Watoto hunakili, hukariri, na kutoka darasani wakiwa na majina kumi na bila swali hata moja. Somo tunalolipendekeza hapa halihitaji umeme wala mashine. Linahitaji vipande vya boksi, vijiwe na penseli, lakini linamtaka mwalimu alielewe jambo lenyewe kabla ya kuingia darasani.

2. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

(a) Jinsi tochi inavyokata

Ndani ya tochi mna elektrodi, na mbele yake kuna nozeli yenye tundu dogo. Hewa iliyoshindiliwa na kompresa hupitishwa katika tundu hilo, wakati mkondo wa umeme ukivuka kutoka kwenye elektrodi hadi kwenye bamba. Hewa hupata joto kali mno hata chembe zake zikapasuka na kuanza kupitisha umeme. Hewa iliyofikia hali hiyo huitwa plazma, na njia yote ya umeme huo angani huitwa tao. Joto la tao hilo linaweza kupita nyuzi 20,000 za Sentigredi, ilhali chuma cha pua huyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,500. Basi chuma huyeyuka mara moja, na upepo wa tochi hukisukuma chini na kuacha mfereji mwembamba. Njia hii ilianza Marekani katika miaka ya 1950, ikatumika kwanza katika viwanda vikubwa. Siku hizi mashine zake ndogo zimeingia hata katika karakana za fundi mmoja.

(b) Kwa nini kimo cha tochi kina uzito

Kwa mashine iitwayo Powermax45 ya kampuni ya Hypertherm, inapotumia ampia 45, maelekezo ya watengenezaji yanataka ncha ya tochi iwe milimita 1.5 juu ya bamba wakati wa kukata. Umbali huo unakaribia unene wa sarafu. Tochi ikipanda mno, mfereji hupanuka, ukingo wa chuma hukatika kwa mshazari badala ya kusimama wima, na tao laweza hata kuzimika. Ikishuka mno, nozeli hugusa chuma na kuharibika, na chuma kilichoyeyuka hugandamana chini ya ukingo. Mgando huo ndio wafua vyuma wa kale waliouita mavi ya chuma.

Shida ni kwamba bamba si tambarare. Bamba la futi 8 kwa 4 huja kutoka dukani likiwa limepinda kidogo. Vyuma vinavyolibeba mezani vimeliwa na moto hapa na pale. Zaidi ya hayo, joto la kukata hulikunja bamba wakati kazi ikiendelea, hasa likiwa jembamba. Fundi anayekata kwa mkono huona mwinuko na kuufuata. Mashine isiyokuwa na kidhibiti hufuata mstari ulionyooka, na bamba likiinuka milimita 2 tu, tochi iliyowekwa milimita 1.5 italigonga.

(c) Mashine inavyoutafuta na kuulinda umbali

Kwanza, tochi hushuka polepole mpaka iguse bamba. Katika meza nyingi za wanaoanza, tochi hushikwa na kigari kinachoweza kuinuka kidogo. Ncha inapogusa chuma, kigari huinuka na kubonyeza swichi ndogo, nayo kompyuta hujua kwamba bamba liko hapo. Pili, tochi huinuliwa hadi kimo cha kutobolea, ambacho kwa mashine tuliyoitaja ni milimita 3.8. Kimo hiki ni kikubwa kuliko cha kukatia kwa sababu, kabla tundu halijafunguka, chuma kilichoyeyuka hakina pa kwenda ila juu, nacho kingeirukia nozeli. Tatu, tao huwashwa, tochi husubiri sehemu ya sekunde mpaka bamba litoboke, kisha hushuka hadi milimita 1.5 na kuanza safari.

Tangu hapo haiwezi kugusa tena bamba ili kupima. Hutumia njia nyingine. Mashine hizi hutunza mkondo wa umeme usibadilike. Kwa hiyo tao linaporefuka volteji hupanda, na linapofupika volteji hushuka. Tuseme fundi ameweka volti 120 ziwe ndizo zinazotakiwa. Kipimo kikisoma 125, kompyuta huamua kwamba tochi iko juu, na mota huishusha. Kikisoma 115, mota huipandisha. Volti hizo zote haziingizwi moja kwa moja katika kompyuta, maana zingeiharibu. Hugawanywa kwanza, mara nyingi kwa 50, hata volti 120 zikasomwa kama 2.4. Hapo mwalimu wa Hisabati naye ana zoezi lake la desimali.

3. Dalili inapodanganya

Hili ndilo jambo kuu katika somo letu. Kidhibiti hakioni kimo chenyewe. Kinaona volteji, ambayo ni dalili ya kimo, na dalili yaweza kubadilika kwa sababu nyingine. Tutataja tatu.

Ya kwanza ni kona. Tochi ikikaribia kona hupunguza mwendo. Chuma kingi zaidi huyeyushwa mahali pamoja, mfereji hupanuka, na tao hulazimika kurefuka ili kuufikia ukingo wa chuma. Volteji hupanda ijapokuwa tochi haikupanda. Kidhibiti, kwa utiifu wake, huishusha tochi na kuipigiza kwenye bamba.

Ya pili ni kuvuka mfereji uliokwisha katwa. Chini ya tochi hapana chuma, tao hurefuka, volteji hupanda, na tochi huzama vilevile. Kwa ajili ya mambo haya mawili, mashine nzuri hufungiwa udhibiti kwa muda inapopunguza mwendo au volteji inapopanda kwa ghafla, ili tochi ibaki pale ilipokuwa.

Ya tatu ni kuchakaa. Ndani ya elektrodi ya shaba mna punje ya metali iitwayo hafniamu, nayo huliwa kidogo kidogo kila tao linapowashwa. Shimo likichimbika ndani ya elektrodi, tao huanzia mbali zaidi. Kwa kimo kilekile, volteji ya leo ni kubwa kuliko ya elektrodi mpya. Kidhibiti kinachosubiri volti 120 kitaishusha tochi chini ya kimo chake siku baada ya siku, na fundi asiyejua ataona nozeli zikiharibika asijue sababu. Ajuaye huongeza volteji inayotakiwa kadiri elektrodi inavyolika, na hatimaye huweka mpya.

Mwalimu naye yumo katika hali hiyo. Hauoni uelewa wa mtoto, anaona mikono iliyonyooshwa na kusikia sauti ya pamoja ikisema, "Tumeelewa, mwalimu." Mikono hiyo ni dalili, na yaweza kupanda kwa sababu kengele inakaribia kulia.

4. Andalio la somo

Darasa: la Sita.

Muda: vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80.

Shabaha: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze
(i) kupima umbali kwa milimita mahali sita na kuandika vipimo katika jedwali;
(ii) kutaja kazi tatu za udhibiti, yaani kupima, kulinganisha na kusahihisha, na kutoa mfano wa kila moja;
(iii) kueleza linalotokea kipimo kinapokuwa na kasoro.

Vifaa kwa kila kikundi cha watoto sita: kipande cha boksi chenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 10, vijiwe, uzi, vitabu vya kupanga, penseli, kitambaa cha kufungia macho, kadi iliyoandikwa 20, vipimio viwili vya karatasi ngumu vilivyochorwa milimita. Kipimio cha kwanza kianzie sifuri kwenye ncha kabisa. Cha pili kikatwe sentimita ya kwanza, ncha yake ianzie 10. Mwalimu asitumie rula za madukani kabla ya kuzikagua, kwa sababu nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri, nayo itaharibu vipimo vyote.

Matayarisho: Panga vijiwe chini ya boksi ili liwe na vilima na mabonde. Weka alama sita, moja kila sentimita 10, kuanzia mwanzo wa boksi.

Hatua ya kwanza: Safari bila udhibiti (dakika 20)

Watoto wavute uzi ulionyooka juu ya boksi, kutoka rundo moja la vitabu hadi jingine, ukiwa milimita 20 juu ya alama ya kwanza. Huo ndio mwendo wa tochi isiyo na kidhibiti. Wapime umbali kati ya uzi na boksi kwenye kila alama. Kikundi kimoja chaweza kupata 20, 15, 8, 12, 5 na 14. Watafute tofauti kati ya umbali mkubwa na mdogo. Katika mfano huu ni milimita 15. Mwalimu aulize, "Kama uzi huu ungekuwa tochi, ni wapi ingekata vibaya? Kilima kikiongezwa milimita 6 kwenye alama ya tano, kutatokea nini?"

Hatua ya pili: Safari yenye udhibiti (dakika 25)

Uzi uondolewe. Watoto wagawane kazi. Tochi hushika penseli akiwa amefungwa macho. Mpimaji husimamisha kipimio cha kwanza chini ya ncha ya penseli na kutaja tarakimu peke yake. Mlinganishi huwapa wenzake mgongo; ana kadi ya 20 mkononi, na hutamka neno moja kati ya matatu: "Panda", "Shuka" au "Tulia". Kipimo kikiwa kati ya 18 na 22 aseme "Tulia", na Mwandishi aandike. Wawili waliosalia washikilie boksi lisisogee.

Mwalimu asimamie sharti moja kwa ukali: asiwepo anayefanya kazi ya mwenzake. Mpimaji akisema "Shuka kidogo", udhibiti umekwisha kufichika na watoto hawatauona. Vipimo vya safari hii vilinganishwe na vya kwanza. Kikundi kinachomaliza mapema kiambiwe kikatae kila kipimo isipokuwa 20 kamili. Watoto watashangaa kuona penseli ikipanda na kushuka bila kutulia. Hapo ndipo watakapojua kwa nini mafundi huacha nafasi ndogo ambayo ndani yake mashine haisahihishi kitu.

Hatua ya tatu: Safari yenye kipimio chenye kasoro (dakika 20)

Mwalimu awape kila kikundi kipimio cha pili bila kusema neno. Kazi iendelee kama mwanzo. Kipimio hiki kitasoma 30 mahali ambapo umbali halisi ni 20. Mlinganishi atasema "Shuka", na kila mara penseli itatulia kwenye umbali halisi wa milimita zipatazo 10. Safari ikiisha, Mwandishi arudie safari hiyo kwenye alama moja tu: penseli ikiisha tulizwa, apime tena kwa kipimio cha kwanza. Kelele zitazuka.

Sasa mwalimu aulize, "Nani amekosea?" Watoto watamlaumu Mlinganishi, au Tochi. Waachwe wabishane. Wakiulizwa mmoja mmoja, wataona kwamba kila mtu aliitimiza kazi yake sawasawa, na bado kazi imeharibika. Kisha aulize, "Tufanyeje?" Wengine watasema kipimio kibadilishwe, wengine kadi iandikwe 30. Majibu yote mawili ni sahihi, ila yana tofauti. Kubadili kadi kunafaa mradi tujue ni kiasi gani kimekatika; na kama kipimio kingeendelea kulika kila siku, kadi nayo ingebidi ibadilishwe kila siku.

Hatua ya nne: Kuunganisha na mashine (dakika 15)

Ndipo mwalimu aeleze habari za meza ya kukatia, na maelezo ya ubao yawe haya:

Mpimaji: sehemu inayosoma volteji.
Mlinganishi: kompyuta.
Tochi aliyefungwa macho: mota inayopandisha na kushusha.
Kadi ya 20: volteji iliyowekwa na fundi.
Kipimio kilichokatwa: elektrodi iliyolika.

Watoto watafute mifano mingine katika maisha yao. Boya ndani ya tangi la maji hupima kina na kufunga bomba. Mwendesha baiskeli hutazama njia na kurekebisha usukani bila kukoma. Mpishi huonja mchuzi kabla ya kuongeza chumvi. Waulizwe katika kila mfano ni dalili gani inayotazamwa, na ni lini dalili hiyo yaweza kudanganya. Boya likitoboka, kwa mfano, huzama, na maji humwagika juu ya tangi lililojaa.

5. Tahadhari kuhusu ziara ya karakana

Walimu wengi watatamani kuwapeleka watoto kwa fundi mwenye mashine. Ni jambo jema likifanywa kwa uangalifu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shule zetu zimehimizwa kuyaunganisha masomo na kazi. Lakini macho ya mtoto hayana badala. Mwanga wa tao la plazma una miali isiyoonekana inayounguza jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, mtoto akiwa kitandani na mwalimu hayupo. Miwani ya jua haitoshi.

Kwa hiyo mwalimu atangulie peke yake na kupatana na fundi. Ziara ifanyike mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme. Watoto waone tochi, kigari na swichi, kisha wapewe vipande vilivyopoa: kimoja kilichokatwa kwa kimo sahihi na kingine cha tochi iliyokuwa juu mno. Waangalie kingo na waseme wenyewe kilichotokea. Mabati yaliyopakwa zinki hutoa moshi wa hatari yakikatwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kutowaweka watoto karibu wakati wa kazi. Fundi akisema, "Ngoja niwawashie kidogo waone," mwalimu akatae kwa heshima.

6. Kupima maendeleo ya wanafunzi

Swali kama "Taja sehemu tano za mashine ya kukatia chuma" halitatuambia kama somo limeingia. Tunapendekeza maswali ya namna hii:

(i) Tochi imewekewa volti 120, na kipimo kinasoma 127. Kidhibiti kitaisogeza upande gani?
(ii) Fundi ameona kwamba tochi hugonga bamba kwenye kona tu. Mwambie sababu.
(iii) Fundi mwingine ameona kwamba tochi inazidi kushuka wiki hadi wiki, ingawa hajabadili kitu. Akague nini kwanza?

Mtoto anayejibu la tatu ameelewa, hata akilisahau jina la hafniamu.

7. Hitimisho

Tumeeleza kwamba udhibiti ni kupima, kulinganisha na kusahihisha, na kwamba udhibiti wote hutegemea ukweli wa kipimo. Mwalimu atakayelifundisha somo hili kwa boksi na vijiwe atakuwa amempa mtoto ufunguo wa mashine nyingi atakazokutana nazo baadaye. Sisi wakufunzi twapenda mwanachuo alijaribu kwanza pamoja na wenzake chuoni, akalicheza kila nafasi, hasa ile ya Tochi aliyefungwa macho, kabla ya kulipeleka shuleni.

Maswali ya majadiliano kwa wanachuo

1. Darasa lako lina watoto 90 na madawati machache. Utazipangaje safari tatu ili kila mtoto apate kazi?
2. Katika hatua ya tatu mwalimu anaficha kasoro ya kipimio. Jadilini faida ya kuificha, na namna ya kuwaeleza watoto baadaye ili wasijione wamedhihakiwa.
3. Tajeni dalili tatu ambazo mwalimu hutumia darasani kujua kama watoto wameelewa. Kwa kila moja, elezeni ni lini yaweza kudanganya, na mwalimu atafute kipimo gani kingine.